Kupunguza Gharama za Lori la Kahawa

Mkulima wa Kilimanjaro, fahamu ya kuwa safari ya lori kutoka kijijini hata Moshi hulipwa na kahawa yako mwenyewe. Chama ndicho kikodicho lori, lakini fedha hizo hukatwa katika bei kabla hujapokea chako. Reli ilifika Moshi mwaka 1911, na KNCU ikaanzishwa mwaka 1933. Hata hivyo magunia bado hayana budi kuteremshwa kutoka vihambani kwa barabara. Basi wewe na wenzako katika chama cha msingi yashikeni mambo haya.

1. Lijazeni lori, ila msizidishe uzito ulioruhusiwa. Tuseme safari ni shilingi 140,000: yakipakiwa magunia 70, kila gunia hulipa shilingi 2,000, yakiwa 35, kila moja hulipa 4,000. Kwa hiyo wekeni siku moja ya kukusanya.

2. Msipakie maji. Kahawa iliyomenywa na kuoshwa ianikwe juu ya vichanja hata maji yasalie kama sehemu 11 katika 100. Kahawa isiyokauka ni maji unayoyalipia nauli, tena huota ukungu.

3. Lori lisipande tupu. Likirudi kijijini, lichukue mbolea, saruji au mabati ya wanachama.

4. Katika mteremko dereva atumie gia ndogo. Wako wadhanio ya kuwa kushuka bila gia huokoa mafuta, sivyo. Injini ya dizeli ya siku hizi, ikiwa ndani ya gia na mguu umeondolewa kwenye mafuta, haichomi mafuta. Nje ya gia huendelea kuyachoma. Tena breki hupata moto zisishike, na hapo hasara ni roho za watu.

5. Upepo wa matairi upimwe asubuhi, yangali baridi. Tairi lililolegea hula mafuta, nalo hulika upesi. Wakati wa vumbi, chujio la hewa litazamwe mara kwa mara.

6. Andikeni daftari. Tangi lijazwe pomoni, kilometa zisomwe; likijazwa tena, gawanyeni kilometa zilizokwenda kwa lita zilizoingia. Hesabu ikishuka pasipo sababu, ama gari lina ubovu, ama mafuta yamepotea njiani. Daftari hilo lisomwe katika mkutano wa wanachama, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.