Jambia la Kijapani na Kutu Isiyofaa Kusuguliwa

Jambia la kale la Kijapani, liitwalo tanto, ni silaha fupi: ubapa wake haufiki shaku moja, yaani sentimita 30.3 hivi. Katika karne ya 13 wahunzi kama Yoshimitsu wa Kyoto walipata sifa kwa kufua majambia ya namna hiyo, na baadhi ya kazi zao zimehifadhiwa hadi leo. Wakusanyaji hawavutiwi na umri peke yake. Katika chuma hicho mna habari za jinsi kilivyofuliwa, nazo husomeka kwa macho, mradi asitokee mtu wa kuzifuta.

Malighafi ni mchanga wenye chuma. Mchanga huo na makaa ya miti hutiwa kidogo kidogo katika tanuri ya udongo iitwayo tatara, nayo huvuviwa usiku na mchana kwa siku tatu. Kazi hiyo ilikuwa imekoma, ikafufuliwa mwaka 1977 katika mkoa wa Shimane. Hupatikana donge lisilo sawasawa. Sehemu yake bora, tamahagane, ina kaboni ya asilimia 1 hadi 1.5. Mhunzi huifua, huikunja, huifua tena. Ikikunjwa mara 15, kwa hesabu, tabaka hufikia 32,768. Watu hupenda kuitaja idadi hiyo kama muujiza, lakini shabaha yake ni ya kawaida kabisa: kutoa takataka na kueneza kaboni ilingane kila mahali. Kaboni nyingine huungua wakati wa kazi, ikabaki asilimia 0.6 au 0.7 hivi.

Hatua ngumu ni kutia maji. Ubapa hupakwa udongo, mwembamba penye makali, mzito mgongoni. Hupashwa moto hadi nyuzi 750 au 800 za Sentigredi, mhunzi akikadiria kwa rangi ya chuma katika karakana yenye giza, kisha hutumbukizwa majini. Makali hupoa upesi mno hata atomi za kaboni hazipati nafasi ya kutoka katika mpangilio wa atomi za chuma. Hunaswa humo, na chuma hugeuka kuwa martensaiti, kitu kigumu sana lakini chepesi kuvunjika. Mgongo hupoa polepole zaidi, hubaki laini na wenye kustahimili pigo. Ubapa ukishanolewa kwa vinoo vya aina nyingi, mpaka baina ya sehemu hizo huonekana kama ukungu mweupe. Wajapani huuita hamoni.

Jambo hilo laweza kujaribiwa shuleni kwa sindano mbili za kushonea za chuma cha pua, koleo, na miwani ya kukinga macho. Zote zipashwe moto hadi ziwe nyekundu. Moja iondolewe motoni polepole: ikipoa, itapindika. Nyingine itumbukizwe majini mara moja: ikikunjwa kwa koleo, itakatika. Sindano iliyotiwa maji ikipashwa moto tena na kuachwa ipoe, ugumu wake hupotea. Ndivyo lipatwavyo jambia lililoungua katika moto wa nyumba: umbo hubaki, hamoni hutoweka.

Lakini hasara iliyo kubwa mara nyingi huletwa na mtu mwenye nia njema. Sehemu iingiayo katika mpini, yaani msuka, haisuguliwi kamwe. Hushikwa kwa kijiti cha mwanzi tu, hivyo mpini huvuliwa kwa urahisi, na hapo ndipo mhunzi alipochonga jina lake. Kutu nyeusi iliyotulia juu ya msuka ilijijenga kwa karne kadhaa, na ni shahidi wa umri. Jina la mhunzi mashuhuri likichongwa baadaye ili kupandisha bei, kutu iliyomo katika alama za patasi haitalingana na ile iliyozizunguka. Mnunuzi mgeni auonapo msuka mweusi hudhani ni uchafu, akaukwangua kwa msasa. Baada ya hapo jina la kweli na la uongo hung'aa sawasawa, na thamani ya jambia huporomoka.

Kwenye ubapa mambo ni kinyume: huko kutu ni adui, na jasho la kidole kimoja latosha kuianzisha. Kwa hiyo ubapa haushikwi kwa mkono mtupu. Hupanguswa, kisha hupakwa utando wa mafuta mepesi, ambayo kwa desturi ya Wajapani hutiwa mafuta ya karafuu, zao lijulikanalo sana Unguja na Pemba.