Kuuzoesha Ulimi wa Mtoto Mboga na Matunda

Katika kata ya Ruaruke, Wilaya ya Kibiti, mtoto wa darasa la kwanza hukua kati ya miembe, mikorosho na mashamba ya mihogo. Hata hivyo, akiwekewa wali na kisamvu huweza kumaliza wali na kukiacha kisamvu. Wakubwa husema anadeka. Sayansi ina maelezo mengine.

Binadamu huzaliwa akipenda utamu na kukataa uchungu. Tabia hiyo ina faida yake, kwani matunda mengi yaliyoiva huwa matamu, na sumu nyingi za mimea huwa chungu. Kisamvu chenyewe ni mfano. Majani mabichi ya muhogo yana kemikali ambayo, yakipondwa, hutoa sianidi. Akina mama huyatwanga na kuyachemsha kwa muda mrefu, na sumu hiyo hutoka pamoja na mvuke. Ulimi wa mtoto, basi, ni mlinzi asiyejua kwamba kazi imekwisha kufanywa jikoni.

Mlinzi huyo hufundishika. Mwaka 1982 Leann Birch na mwenzake, huko Marekani, walichapisha uchunguzi wa watoto wa miaka miwili walioonjeshwa vyakula vigeni. Kadiri chakula kilivyoonjwa mara nyingi, ndivyo kilivyopendwa zaidi. Chunguzi za baadaye zimeonyesha kuwa huenda zikahitajika mara nane hadi kumi na tano. Mwalimu anayekata tamaa siku ya tatu ameacha kazi njiani. Na anayewapa watoto palizi ya bustani ya mchicha kuwa adhabu anawafundisha, bila kukusudia, kuuchukia mchicha.

Jambo hili si dogo. Mtoto mwenye upungufu wa vitamini A hushindwa kuona vizuri gizani, na surua au kuhara humwelemea upesi. Embe bivu, papai na mboga za kijani zina karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini hiyo; lakini karotini hufyonzwa vyema penye mafuta. Kwa hiyo tui la nazi katika kisamvu si la ladha tu. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mtoto wa miaka 6 hadi 9 ale angalau gramu 350 za mboga na matunda kwa siku.

Bibo linastahili kutajwa peke yake. Msimu wa korosho mabibo mengi hutupwa, ingawa yana vitamini C mara kadhaa kuliko chungwa, na vitamini C huusaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika mboga za majani. Kinachowafukuza watoto ni ukakasi wake. Huo husababishwa na tanini, ambayo hushikamana na protini za mate na kuufanya mdomo uhisi mkavu.

Wanafunzi wa sekondari waweza kulipima dai hili. Wachemshe unga kidogo wa muhogo katika maji mengi, wachuje, wapoze, kisha watie matone ya iodini hadi maji yawe ya buluu. Kiasi sawa cha maji hayo kitiwe katika chupa kadhaa. Juisi ya bibo, ya chungwa, na ya chungwa iliyochemshwa kwa dakika ishirini itiwe tone kwa tone, kila moja katika chupa yake, hadi buluu ipotee. Juisi inayohitaji matone machache ndiyo yenye vitamini C nyingi. Kilichotiwa iodini kisionjwe kamwe.

Kisha waende shule ya msingi ya jirani na vipande vidogo vya matunda yaliyooshwa. Kila mtoto aonje, nao wale pamoja naye. Asiyependa aruhusiwe kutema bila kuchekwa, na jibu lake liandikwe daftarini kila juma, kwa majuma kumi. Bibo litenganishwe na korosho kabla ya kufika darasani, kwa sababu mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi.