Kusoma Madokezo ya Mapenzi Baina ya Marafiki wa Tangu Utotoni

Kila mtahiniwa wa Kiswahili analifahamu swali la dondoo: maneno haya yanasemwa na nani, anaambiwa nani, lini na kwa nini. Wengi wetu hulijibu ili kuchuma alama nne, kisha tukalisahau. Mimi naliona kuwa swali zuri kuliko yote katika karatasi ya fasihi, na leo nitalipeleka mahali ambapo labda hamkulitarajia, yaani katika mchezo wa video.

Mchezo wenyewe unaitwa Tokimeki Memorial. Ulitolewa na kampuni ya Konami nchini Japani mwaka 1994, nao ni hadithi ya mapenzi inayosongezwa mbele na uamuzi wa mchezaji. Mimi niliucheza katika toleo la Super Famicom la mwaka 1996, ambalo mashabiki walilitafsiri kwa Kiingereza mwaka 2022. Kiini chake si kupigana wala magari ya kukimbizana. Mchezaji ni mvulana anayeingia shule ya upili ya Kirameki mwezi wa Aprili, mwaka wa masomo wa Kijapani unapoanza, na ana miaka mitatu tu. Kila wiki anaamua kama atadurusu vitabu, atafanya mazoezi ya viungo au atapumzika, na anaweza kumpigia msichana simu wapange siku ya kutembea. Shuleni upo mti mkongwe. Inaaminika kwamba msichana akikiri mapenzi yake chini ya mti huo siku ya kuhitimu, wawili hao watakuwa na furaha ya milele. Zingatieni hapo: anayekiri ni msichana. Kazi ya mvulana ni kujitengeneza, kungoja na kusoma dalili.

Jirani yake ni Fujisaki Shiori. Wamejuana tangu wakiwa wadogo, na Wajapani wana neno moja la rafiki wa namna hiyo: osananajimi. Sisi huku tungesema wamecheza kalongolongo pamoja.

Basi hebu tulitazame dondoo letu. Mwanzoni mwa mchezo, mvulana akikutana na Shiori baada ya masomo na kumwomba wafuatane nyumbani, Shiori hukataa. Sababu anayotoa ni kwamba marafiki wakiwaona pamoja watazusha maneno, naye ataona aibu. Jibu hili ni mashuhuri mno miongoni mwa wachezaji wa Japani.

Msomaji mwenye pupa atalirukia neno "aibu". Atasema, "Si unaona! Mtu haoni aibu bure. Anampenda, ila anaogopa kugunduliwa." Tafsiri hiyo ni tamu, na niliisikia hata kwa wenzangu wa chama nilipowasimulia. Lakini muktadha unaikataa katakata. Mchezo una hesabu yake ya ndani: kila msichana ana kiwango cha kumpenda mvulana, nacho hupanda na kushuka kulingana na matendo. Shiori hutoa jibu lile wakati kiwango kiko chini. Kikipanda vya kutosha, mwaliko ule ule, kwa njia ile ile, anauitikia. Jamani, wale marafiki wenye midomo hawajahama shule! Kwa hivyo aibu haikuwa pazia la mapenzi. Ilikuwa njia ya adabu ya kumwambia hapana jirani ambaye ataonana naye kesho asubuhi.

Hapa ndipo urafiki wa muda mrefu unapotatiza usomaji. Kwa watu wasiojuana, wema wowote ni habari. Kwa marafiki wa zamani, wema ni desturi: kuulizana hali, kuazimana daftari, kuchekeana. Ukitaka kupata dokezo, usilitazame tendo peke yake, tazama limeachana wapi na mazoea.

Mfano mzuri ni chokoleti. Nchini Japani, tarehe 14 Februari wanawake ndio huwapa wanaume chokoleti, na wanaume hurudisha zawadi tarehe 14 Machi. Sasa, kuna chokoleti ya giri, yaani ya wajibu, anayopewa mwenzako wa darasani au wa kazini kwa ajili ya utu mwema tu, na kuna ya honmei, anayopewa yule mmoja aliye moyoni. Mchezo unazitumia zote mbili. Chokoleti ni taashira, ndiyo, lakini huwezi kuifasiri mpaka uulize wengine wamepewa nini. Anayerukaruka kwa chokoleti ya wajibu ni kama mgeni aliyekaribishwa chai akaanza kuhesabu mahari.

Mchezo humsaidia mchezaji kwa namna ambayo haipatikani nje ya mchezo. Yupo rafiki aitwaye Saotome Yoshio, na ukimpigia simu anakueleza kila msichana anakuonaje. Kuna waliolalamika kwamba huku ni kuchapa majibu nyuma ya kitabu. Mimi namtetea Yoshio. Nilikuwa nikiutazama uso wa Shiori na kuyapima maneno yake, ninaandika kisio langu, ndipo nampigia simu. Ukifanya hivyo mara kadhaa unajifunza kutofautisha unachokiona na unachokitamani. Ole wetu, darasani hakuna Yoshio.

Kuna pia bomu. Msichana aliyepuuzwa kwa muda mrefu hutiwa alama ya bomu, na likilipuka, uvumi huenea na wasichana wengine pia wanampunguzia mvulana thamani. Ni kichekesho, lakini nani asiyejua jinsi maneno yanavyozunguka bwenini?

Jambo lililonigusa zaidi ni hili. Wengi wetu hudhani miaka ya urafiki ni akiba ya benki, ati siku moja utakwenda kudai pamoja na riba. Mchezo unakataa. Shiori, huyo huyo jirani, ni miongoni mwa wasichana wagumu zaidi kuwapata, maana anamtaka mvulana aliyejiendeleza katika masomo, michezo, sanaa na hata mavazi. Kujuana tangu utotoni hakumwondolei mvulana kazi hiyo.

Siku ya kuhitimu, mvulana aliyependwa hukuta barua ndani ya dawati lake, akiitwa mtini. Barua haina jina. Aliyesoma vizuri kwa miaka mitatu anakwenda akijua nani anamngoja.

Kwa watakaopenda kujadili katika kikao kijacho, zoezi ni hili. Marafiki wawili wa tangu utotoni wamezoea kurudi nyumbani pamoja kila Ijumaa. Wiki hii msichana anasema atapitia njia nyingine. Jumatatu anamrudishia mvulana daftari aliloazima kwake, na kurasa zilizokuwa zimechanika amezigandisha kwa gundi. Ni lipi hapo ni desturi, na lipi ni dokezo? Ni habari gani unayoihitaji kabla hujajibu? Swali la pili lina alama nyingi zaidi.