SOMO LA AFYA: MIWANI AU UPASUAJI?

Katika ziara zetu Mugoma, wazee wa kanisa wametuuliza mara kwa mara kama upo upasuaji wa kumwondolea mtu miwani ya kusomea. Hawaulizi kwa udadisi tu. Ipo kamati iliyofikiria kuanzisha mchango ili mwinjilisti wao apelekwe mjini "kufanyiwa macho". Kabla fedha hazijakusanywa, ni vema sote tukaelewa kinachotokea jichoni.

Ndani ya jicho mna lenzi. Ujanani ni laini, hubadili umbo ili tuone mbali na karibu. Kuanzia miaka 40 hivi hukakamaa taratibu. Ndipo mtu husogeza Biblia mbali na uso hadi mkono umwishie, na mama hushindwa kutunga uzi kwenye sindano au kuchambua maharage. Huo si ugonjwa, wala hauletwi na kusoma sana. Utafiti wa Kongwa, Dodoma, uliochapishwa mwaka 2006, ulikuta watu wapatao 6 kati ya 10 wenye miaka 40 na zaidi wana tatizo hilo, na wengi mno hawakuwa na miwani.

Upasuaji upo. Ule wa leza uitwao LASIK, unaopatikana katika miji mikubwa kama Nairobi, hufunua utando mwembamba wa konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, na kuichonga upya. Humfaa zaidi kijana asiyeona mbali ambaye vipimo vyake vimetulia. Lakini lenzi ya ndani haiguswi, hivyo itakakamaa vilevile: aliyefanyiwa akiwa na miaka 25 atatafuta miwani ya kusomea akikaribia 45. Wapo wanaorekebishiwa jicho moja kwa ajili ya mbali na jingine kwa karibu. Baadhi huzoea, baadhi husumbuka. Njia nyingine ni kutoa lenzi na kuweka ya bandia. Kwa jicho lisilo na ugonjwa, sisi hatuoni sababu ya kubeba hatari ya maambukizi, hata kama ni ndogo, ili kukwepa miwani tu.

Mtoto wa jicho ni habari nyingine. Hapo lenzi imeingia ukungu, na ukishakuwa mzito miwani haisaidii. Upasuaji ndiyo tiba. Huyo achangiwe nauli bila kusita. Ila familia ijue mapema kwamba akiwekewa lenzi ya kawaida ataona mbali vizuri, lakini kusoma bado atahitaji miwani. Asidhani amefanyiwa vibaya.

Kwa wafadhili wetu, miwani si jambo dogo. Huko Assam, India, utafiti wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa wachuma chai wenye miaka 40 na zaidi waliopewa miwani ya karibu waliongeza mavuno kwa zaidi ya asilimia 20 kuliko wenzao wasiopewa.

Hivyo tunaziomba kamati ziorodheshe wenye shida ya kuona na kuwapeleka kupimwa hospitalini kabla ya mchango wowote. Kipimo hicho ni muhimu hata kwa anayedhani anahitaji miwani tu, kwa kuwa presha ya macho huharibu uoni bila maumivu, na uoni uliopotea kwa njia hiyo haurudi.