SOMO LA MWEZI: Kuchagua Matairi ya Gari Kubwa la Kazi



Katika masomo ya chama tumezoea kuzungumza habari za mishahara, likizo na mikataba. Safari hii somo letu ni matairi. Msishangae. Huku kwetu Uganda, katika mashamba ya chai na viwanda vya sukari, gari kubwa kama Toyota Land Cruiser ndilo linalompeleka mgonjwa hospitali usiku wa manane. Ndilo linalobeba mafundi, fedha za mishahara na wajumbe wa chama. Matairi yake yakiisha, ofisi hununua mengine. Anayechagua hutazama bei, lakini wanaopanda gari hilo ni sisi. Basi yatupasa tujue kuchagua, ili tuseme neno letu kabla fedha hazijatoka.

Kwanza, tujifunze kwa wenzetu

Mwaka 1994, mwezi wa Julai, wafanyakazi wa kiwanda cha matairi cha Firestone katika mji wa Decatur, Marekani, waligoma. Kampuni ilitaka zamu za saa 12, na mishahara ya chini kwa wafanyakazi wapya. Mwezi Januari 1995 kampuni ikaajiri watu wengine mahali pa waliogoma. Mwezi Mei mwaka huo chama kikamaliza mgomo, na wagomaji wakaanza kurudi kidogo kidogo, wakafanya kazi bega kwa bega na wale waliochukua nafasi zao. Mkataba mpya haukupatikana mpaka mwisho wa mwaka 1996.

Matairi ya miaka ile yalifungwa katika gari la Ford Explorer, gari refu la namna ya haya yetu. Baadaye yakaanza kubanduka. Sehemu ya juu inayokanyaga barabara iliachana na waya za ndani gari likiwa katika mwendo, na gari likapinduka. Tarehe 9 Agosti 2000 kampuni ikatangaza kuyarudisha matairi milioni 6.5. Serikali ya Marekani ilihesabu watu zaidi ya 270 waliokufa katika ajali hizo.

Mwaka 2004 wachumi wawili, Alan Krueger na Alexandre Mas, walichapisha uchunguzi wao. Waliona kwamba matairi mabovu ya Decatur yalizidi katika nyakati mbili: wakati kampuni ilipodai wafanyakazi wapunguziwe haki zao, na wakati wagomaji walipofanya kazi pamoja na wale waliowekwa mahali pao. Maana yake, ugomvi wa kiwandani ulikwenda kumuua mtu wa mbali asiyejua hata mji wa Decatur uko wapi. Kiwanda chenyewe kilifungwa mwezi Desemba 2001, na wafanyakazi wakapoteza kazi.

Lakini kosa halikuwa la kiwanda peke yake. Ford ilikuwa imeandika upepo wa paundi 26 kwa matairi hayo, na baadaye Firestone ikasema yafaa 30. Tairi lenye upepo kidogo hulegea ubavuni. Kila linapozunguka hukunjika na kukunjuka, na kule kukunjika huleta joto. Joto hulegeza mpira ulioshika waya. Ndiyo maana ajali nyingi zilitokea sehemu za joto, kama vile Texas na Florida, na pia katika nchi za Venezuela na Saudi Arabia. Ongeza mzigo mzito na mwendo wa kasi, tairi hubanduka. Nasi tunaishi katika nchi ya jua, na magari yetu hujazwa watu na mizigo. Kwa hiyo somo hili latuhusu.

Pili, tusome ubavu wa tairi

Kila tairi limeandikwa ubavuni. Ni kama cheti chake. Tuseme tunakuta maandishi haya, ambayo hupatikana katika matairi ya Land Cruiser kubwa:

285/65R17 116H

Nambari 285 ni upana wa tairi kwa milimita. Nambari 65 ni kimo cha ubavu: asilimia 65 ya upana ule, yaani kama milimita 185. Herufi R maana yake nyuzi za ndani zimepita moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo, ndiyo aina ya kisasa. Tairi la aina hii lisichanganywe na la aina ya zamani ambalo nyuzi zake hupishana mshazari. Nambari 17 ni inchi za rimu. Herufi H ni ya mwendo. H ni kilomita 210 kwa saa, S ni 180, Q ni 160.

Sasa nambari 116. Hii ndiyo wengi wetu huipita bila kuitazama, nayo ndiyo kubwa kuliko zote kwetu sisi tunaobebwa. Ni nambari ya mzigo. Ukitazama katika orodha ya wauza matairi, 116 ni kilo 1,250 kwa kila tairi. Nambari 112 ni kilo 1,120. Nambari 107 ni kilo 975 tu.

Tufanye hesabu. Tuseme gari limejaa watu na vifaa, na magurudumu mawili ya nyuma yamebeba kilo 2,000. Matairi mawili ya 116 yaweza kubeba kilo 2,500, kwa hiyo kuna akiba ya kilo 500. Matairi mawili ya 107 yaweza kubeba kilo 1,950. Hayatoshi, hata kama yanaingia katika rimu ile ile na yanang'aa kwa upya. Akiba ile si anasa. Gari likitumbukia shimoni, tairi hupata kishindo kizito kuliko uzito wa gari lililosimama.

Kanuni ni hii: tairi jipya liwe na nambari ya mzigo sawa na ile aliyoiandika mtengenezaji wa gari, au kubwa zaidi. Kamwe isiwe ndogo.

Tatu, tujue umri wake

Tutafute ubavuni herufi DOT, na mwisho wake nambari nne katika kiduara kirefu. Mara nyingine zipo upande mmoja tu wa tairi, basi tuinamie upande wa ndani. Nambari mbili za kwanza ni juma, na mbili za mwisho ni mwaka. Tukikuta 2319, tairi lilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2019.

Mpira huzeeka hata ukikaa tu. Watengenezaji wengine wa magari husema tairi libadilishwe likitimiza miaka 6. Viwanda vya matairi vingi husema lisivuke miaka 10 hata kama kashata zake bado ndefu. Jambo hili ni zito zaidi siku hizi. Zamani Afrika Mashariki ilikuwa na kiwanda cha General Tyre kule Arusha na kiwanda kingine Nairobi. Cha Arusha kilisimama, na cha Nairobi kilifungwa mwaka 2016. Tairi tunaloliona dukani mara nyingi limevuka bahari, likakaa bohari, kisha likaanikwa juani mbele ya duka. Linaweza kuitwa jipya nalo limekwisha kula miaka minne.

Tairi la mtumba nalo ni hivyo hivyo. Muuzaji atatuonyesha kashata. Sisi tutazame nambari nne. Tutazame tena nyufa ndogo ubavuni, uvimbe, na viraka. Tundu katika sehemu inayokanyaga barabara laweza kuzibwa na fundi kwa ndani, lakini ubavu uliochanika hauzibiki. Tusisahau tairi la akiba lililofungwa chini ya gari. Nalo lina umri wake.

Nne, tairi lifae njia yetu

Wauzaji huandika herufi H/T, A/T na M/T. H/T ni la lami. A/T ni la njia za namna zote, lami na vumbi. M/T ni la matope, lenye kashata kubwa zilizoachana. Wakubwa wengine hupenda M/T kwa sababu linalipa gari sura ya kutisha. Lakini juu ya lami yenye maji halishiki vizuri, na breki huchukua nafasi ndefu zaidi. Gari linalotoka shambani kwa njia ya udongo, kisha likaingia barabara kuu ya lami, kwa kawaida hufaa A/T. Lile lisilotoka katika matope ya shamba, basi M/T lina sababu. Tuhesabu safari za gari letu za mwezi mzima kabla ya kuamua.

Matairi yote manne yawe ya ukubwa mmoja na aina moja. Katika gari ambalo magurudumu yote manne huendeshwa na injini wakati wote, tairi jipya na tairi lililokwisha huzunguka kwa hesabu tofauti, na giaboksi huumia. Fedha zikitosha mawili tu, mapya yafungwe nyuma, hata kama mengi tumezoea kuyaona yakifungwa mbele. Nyuma ikiteleza, gari refu huzunguka, na dereva hana la kufanya.

Tano, upepo

Upepo sahihi umeandikwa na mtengenezaji wa gari, mara nyingi kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Nambari kubwa iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni mwisho wa upepo linaoweza kustahimili, si upepo wa kila siku. Tupime asubuhi, tairi likiwa baridi, kwa geji, si kwa kupiga teke. Tukipima baada ya safari, geji huonyesha zaidi kwa sababu ya joto. Dereva akiupunguza wakati huo, kesho asubuhi utakuwa pungufu.

Kashata nazo zina alama. Katikati ya mifereji kuna vinundu vidogo vyenye kimo cha milimita 1.6. Kashata zikilingana na vinundu hivyo, tairi limekwisha. Tusingoje kipara.

Sita, kazi ya chama

Mtu atauliza: haya si kazi ya ofisi? Ndiyo, kulipa ni kazi ya mwajiri. Kuangalia ni kazi yetu pia. Tairi likipasuka, wa kwanza kulaumiwa ni dereva, tena wakati mwingine amekwisha kufa, hawezi kujitetea. Kwa hiyo tawi lifanye mambo matatu.

Moja: kamati ya usalama iwe na daftari la kila gari linalobeba wafanyakazi. Yaandikwe ukubwa wa matairi, nambari ya mzigo, nambari nne za umri, na upepo wa kila juma.

Mbili: dereva akiona kasoro, aandike barua na abaki na nakala. Neno la mdomo hupotea.

Tatu: tujue haki yetu. Mkataba Namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema mfanyakazi anayejitoa mahali pa kazi kwa sababu ya haki ya kuamini kwamba pana hatari kubwa iliyo karibu, asiadhibiwe. Mwezi Juni 2022 mkataba huo uliingizwa katika mikataba ya msingi ya shirika hilo. Dereva anayekataa kupakia watu juu ya matairi yaliyochanika ubavu si mkaidi, na chama kisimame naye.

Ofisi ikisema hakuna fedha, tujibu kwa hesabu. Tairi la nusu bei likidumu theluthi ya muda, tutalinunua mara tatu, na tutakuwa tumelipa bei moja na nusu. Hapo hatujahesabu hospitali wala mazishi.

Maswali ya kuzungumza katika matawi

1. Gari linalobeba wafanyakazi hapa kwetu lina matairi ya mwaka gani? Nani amekwenda kutazama?
2. Nambari ya mzigo ya matairi hayo ni ngapi, na kibandiko cha gari kinasema ngapi?
3. Geji ya upepo ipo? Hutunzwa na nani?
4. Dereva wetu akikataa safari kwa sababu ya tairi bovu, tawi litafanya nini siku hiyo hiyo?

Mwenye kujibu swali la kwanza bila kutoka nje hajajibu. Twendeni tukainame chini ya gari, tusome.