Uongozi Ndio Unaobeba Mradi: Somo la Mbinu ya Ajaili

Mwananchi husikia habari za mfumo mpya wa kompyuta siku unapozinduliwa, kisha husubiri. Miaka ikipita bila huduma kuonekana, lawama huwaendea mafundi. Somo hili linaeleza mbinu ya kazi iitwayo ajaili, na kwa nini kufaulu kwake hutegemea sana wasimamizi.

Ajaili ni nini?

Mnamo Februari 2001, wataalamu 17 wa programu za kompyuta walikutana katika jimbo la Utah, Marekani, wakaandika tamko lenye maadili 4 na kanuni 12. Kwa ufupi, timu haingoji miaka ndipo ionyeshe kazi. Huigawa katika awamu fupi, mara nyingi za wiki 2 hadi 4, na kila awamu ikiisha watumiaji huonyeshwa kitu kinachofanya kazi.

Tuseme ni mfumo wa leseni za biashara. Kwanza mwenye duka ajaze fomu kwa simu. Kisha aweze kulipa. Baadaye apokee leseni yake bila kupanga foleni. Fomu ikiwa na kasoro, itajulikana mwezi wa kwanza na kurekebishwa kwa gharama ndogo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Yaliyotokea FBI

Shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilitaka kuacha mafaili ya karatasi. Mradi wake wa Virtual Case File ulitupwa mwaka 2005 baada ya kumeza takriban dola milioni 170. Mwaka 2006 shirika hilo likaanza mradi mwingine, Sentinel, ambao bajeti yake ilifika dola milioni 451. Kufikia Agosti 2010, takriban dola milioni 405 zilikuwa zimetumika, lakini ni sehemu 2 tu kati ya 4 zilizokuwa zimekabidhiwa.

Hapo wakuu wa FBI wakaingilia kati. Walisimamisha kazi, wakachukua usimamizi kutoka kwa mkandarasi mkuu, wakapunguza wafanyakazi wa kandarasi kutoka takriban 220 hadi 40, na kuanza kufanya kazi kwa awamu za wiki 2. Jaribio la Oktoba 2011 lilipoonyesha kwamba mitambo haiwezi kubeba watumiaji wote, waliahirisha uzinduzi na kutafuta mitambo yenye nguvu zaidi. Sentinel ilianza kutumika kote Julai 1, 2012. Haikuwa kamilifu, kwani ukaguzi wa 2014 ulikuta watumiaji wengi bado hawapati matokeo wanayohitaji wanapotafuta rekodi. Hata hivyo, kazi iliyokwama kwa miaka sasa ilikuwa mikononi mwa wapelelezi.

Fundi hana mamlaka ya kusimamisha mkataba, kubadilisha mgao wa fedha au kuahirisha uzinduzi. Mamlaka hayo ni ya uongozi.

Kazi 4 za msimamizi

1. *Kuteua mwenye kauli ya mwisho.* Awamu ya wiki 2 haiwezi kungoja barua izunguke ofisi tano. Awepo mtu mmoja anayejua mahitaji ya watumiaji na mwenye idhini ya kuamua.

2. *Kupanga kipaumbele.* Kila idara hutaka jambo lake lianze. Msimamizi husema lipi la kwanza na lipi lisubiri, hata kama wakubwa wengine hawatafurahi.

3. *Kuondoa vizingiti.* Fedha zikichelewa, au afisa wa soko akikosa ruhusa ya kuja kuujaribu mfumo, timu hukaa bure.

4. *Kupokea habari mbaya mapema.* Anayeleta taarifa ya kasoro akikaripiwa, safari ijayo ataificha. Msimamizi aulize, "Nionyesheni kinachofanya kazi leo," kabla ya kuuliza asilimia iliyokamilika.

Mbinu hii haifai kila mradi kwa namna moja. Daraja halivukiki likiwa nusu, kwa hiyo michoro na vipimo vyake sharti vikamilike kabla ya zege kumwagwa.

Nafasi yako, mwananchi

Ibara ya 201 ya Katiba inataka uwazi, uwajibikaji na ushiriki wa umma katika masuala ya fedha. Mradi wa kompyuta unapoletwa kwenye kikao cha wadi, usiulize tu utagharimu kiasi gani na utaisha lini. Uliza pia:

- Ni afisa gani mwenye kauli ya mwisho kuhusu mradi huu?
- Ni huduma gani itaanza kutumika kwanza, na baada ya wiki ngapi?
- Ni wananchi gani wataujaribu mfumo kabla haujazinduliwa?
- Mradi ukionekana kukwama, nani ana mamlaka ya kuusimamisha, na ataamua kwa kuangalia nini?

Yaandike majibu pamoja na tarehe, uje nayo kwenye kikao kijacho.