Hukumu ya kumfuga kasuku aliyeokolewa

Ndugu mwanafunzi, uwe Gitega au Muyinga, huenda siku moja ukaletewa kasuku wa kijivu aliyetegwa katika misitu ya Kongo, manyoya ya mbawa yamekatwa. Je, inafaa kumfuga?

Asili ni ruhusa. Abu Umayr, mdogo wake Anas bin Malik, alikuwa na ndege wa kuchezea, na Mtume (s.a.w.) hakumkataza. Lakini ruhusa hiyo ina sharti: Bukhari na Muslim wamepokea habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa paka aliyemfungia bila chakula. Basi zingatia haya:

Kwanza, usimnunue kwa nia ya kumwokoa. Fedha yako humrudisha mtegaji msituni. Tangu Januari 2017 mkataba wa CITES umepiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku hawa wanaotegwa porini. Ukimwona anauzwa, ijulishe OBPE, ofisi ya taifa ya kulinda mazingira. Na ukiletewa, iulize kabla ya kumpokea.

Pili, mlishe kwa elimu. Mpe matunda, mboga, nafaka na maji safi kila siku. Parachichi, lililojaa katika mashamba yetu, ni sumu kwake. Moshi wa mkaa pia humdhuru.

Tatu, pima umri. Anaweza kuishi miaka 40 na zaidi. Masomo yako huisha baada ya miaka michache. Ukihitimu, nani atamtunza? Ukikosa jibu, usiibebe amana hiyo.

Wallahu a'lam.